Mwezi wa ukutani umesimama, wetu umelala: kuchora anga ukiwa Kisumu

Nianze na aibu yangu ndio tuelewane. Kuna mwaka tulichora saa ya kivuli kwa uwanja wa shule moja ya praimari huku Kisumu, ile aina mtoto anasimama katikati alafu kivuli chake kinaangukia namba na kumwambia ni saa ngapi. Plani tulitoa kwa intaneti, plani safi kabisa, duara limebonyezwa kidogo kama yai, namba zimelizunguka, tukanunua rangi ya njano na nyeupe, tukavuta kamba, tukapima, watoto wakajaza rangi, kila mtu akapost picha. Hio ilikuwa Februari. Mwezi wa tatu tukarudi na wageni, na ile kitu ikakataa. Kivuli cha mtoto kililala magharibi asubuhi yote, kikafupika, kikafupika tena, kikaingia chini ya viatu, alafu kikatokea upande wa mashariki. Kuzunguka hakikuzunguka. Kasichana kamoja ka darasa la nne kakaniuliza, "Mwalimu, ama saa imeisha betri?"

Betri ilikuwa sawa. Shida ni plani ilikuwa ya mtu anayeishi karibu na London na sisi tuliimeza bila kuuliza anasimama wapi akiangalia juu. Tangu siku hio nimekuwa yule mtu msumbufu, ukinionyesha ukuta umechorwa nyota nakuuliza hizo ni nyota za wapi, na kwa sababu nimeulizwa mara nyingi "kwani anga si moja?", wacha nijibu hapa mara moja.

Anga ni moja, lakini kila mtu anaiona kutoka kona yake. Kisumu iko kama sehemu moja ya kumi ya digrii kusini mwa ikweta, hata ukipanda matatu ya Busia unakuta lile bango la ikweta pale Maseno kabla hujamaliza kusoma meseji zako. Mtu wa London jua lake linapita upande wa kusini mwaka mzima, halijawahi kumkanyaga utosini, kwa hivyo kivuli chake kinaanza magharibi, kinapitia kaskazini, kinaishia mashariki, mwendo uleule mishale ya saa ya ukutani inaenda. Kwetu jua halina upande wake. Kuanzia mwisho wa Septemba mpaka karibu tarehe 20 Machi linapita kusini, na kivuli kinazunguka kama mshale wa saa vizuri tu. Likivuka, mpaka Septemba linapita kaskazini, na kivuli kinazunguka kinyume. Yani nusu mwaka saa inaenda mbele na nusu mwaka inarudi nyuma! Na hapo katikati, tarehe 20 au 21 Machi na 22 au 23 Septemba, jua linapanda wima kutoka mashariki, linapita juu ya kichwa, linashuka wima magharibi, kivuli kinafuata mstari mmoja siku nzima. Ndio siku tuliita wageni sisi.

Sasa lile yai. Unene wake unategemea latitudo ya mahali, yani pako mbali kiasi gani na ikweta. Kama urefu wake ni mita 4, London linatakiwa liwe na upana wa kama mita 3. Nikapiga hesabu ya Kisumu nikarudia mara mbili nikidhani nimekosea kalkuleta: milimita 7. Saba. Hilo si yai tena, hio ni kamba, na namba zote zimepangwa juu ya kamba moja kuelekea mashariki na magharibi, na mwezi wa tatu wewe mwenyewe unasimama juu ya hio kamba, kivuli chako kinafunika saa mbili, saa tatu na saa nne zote kwa mpigo. Hakuna vile ingefanya kazi, hata tungepima na leza.

Lakini sasa ikweta inakunyima hio na kukupatia nyingine rahisi kuliko zote duniani. Sheria ya saa za kivuli ni kwamba ile kitu inatoa kivuli lazima ilale sambamba na mhimili wa dunia, ule mstari dunia inazungukia. Ulaya inabidi waiinamishe kwa pembe fulani, kila mji na pembe yake, mafundi wanaumwa kichwa. Huku kwetu mhimili unalala chini sambamba na ardhi, kwa hivyo unachukua kitu kirefu kilichonyooka, unakiinua mita moja juu ya sakafu bapa, unakielekeza kaskazini na kusini, basi. Kivuli chake ni mstari unaotembea kutoka magharibi kwenda mashariki, na mistari ya saa unachora sambamba, kama ya daftari. Ya katikati, chini kabisa ya hicho kitu, ni saa sita. Sentimita 27 kila upande ni saa tano na saa saba. Sentimita 58, saa nne na saa nane. Mita moja kamili ni saa tatu na saa tisa. Mita 1.73 ni saa mbili na saa kumi, na mita 3.73 ni saa moja na saa kumi na moja. Saa kumi na mbili huwezi kuchora kwa sababu kivuli kimeenda mpaka Uganda. Ukiwa na nafasi ndogo, inua nusu mita na ugawe kila kipimo kwa mbili.

Angalia hizo namba tena. Hizo ni saa za Kiswahili moja kwa moja, mchana unaanza na saa moja na kuisha na saa kumi na mbili, na kwa sababu huku mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima, hesabu hii inakaa juu ya kivuli bila kulazimishwa. Mimi hapo ndio nilisisimka, kusema ukweli. Tumezoea kuambiwa saa zetu ziko "nyuma masaa sita", kumbe zimesoma jua na kutulia.

Kuna kitu kimoja kitawachanganya watu na lazima ukiandike kwa ukuta kando, la sivyo utapigiwa simu. Hii saa haitalingana na simu yako. Saa ya Afrika Mashariki imepigiwa hesabu kwa longitudo ya digrii 45, ambayo inapita karibu na Mogadishu, na sisi tuko digrii kama kumi magharibi ya hapo, kila digrii ni dakika nne, kwa hivyo jua linafika katikati ya anga ya Kisumu kama saa sita na dakika 41 kwa wastani. Nakuru ni kama dakika 36. Nasema wastani kwa sababu dunia haiendi mwendo mmoja ikizunguka jua na pia imeinama, so katikati ya Februari huku tofauti inafika dakika 55 na mwanzo wa Novemba inashuka mpaka 25 hivi. Andika tu "jua la Kisumu linachelewa" na uweke kijedwali cha miezi, watoto wanapenda sana kumwonyesha mwalimu kwamba saa yake ndio imekosea.

Na usitumie chuma. Nimesema tu. Paipu ya chuma ukiiacha nje usiku mmoja, asubuhi iko kwa mizani ya skrapu. Sisi ya pili tulimwaga simiti.

Tuje kwa mwezi, na hapa sikugundua mwenyewe, nilifunzwa. Tulikuwa tunachora ukuta karibu na ziwa, nimeweka mwezi mwembamba mzuri umesimama wima kama herufi C, na nyota moja nimeiweka katikati ya pembe zake, unajua ile ya bendera. Mzee mmoja anayevua omena, wale dagaa wa ziwani, akasimama nyuma yangu, ndoo mkononi, akaangalia kwa muda mrefu mpaka nikaacha brashi.

"Japuonj," yani mwalimu kwa Kiluo, "huu mwezi ni wa wapi?"

"Ni mwezi tu mzee, wa kawaida."

"Wa kawaida unalala. Huu umesimama kama mtu ametoka chang'aa usiku."

Jioni nikatoka nje nikaangalia na nikaona haya. Mwezi ukiandama huku kwetu unalala kama mtumbwi, pembe juu, tumbo chini, kwa sababu upande unaowaka unaelekea jua, na jua likizama ikweta linashuka karibu wima, kwa hivyo liko chini ya mwezi. Kule kaskazini jua linazama kwa mteremko, linabaki kando, ndio mwezi wao unasimama. Haulali sawasawa kila mwezi, kuna misimu unainama kidogo kulia au kushoto, lakini ile C ya vitabu vya watoto huku hutaiona jioni hata ukae miaka. Na ile nyota katikati ya pembe pia haiwezekani, pale katikati si tupu, ni mwezi wenyewe upande wa giza, mwamba mzima, nyota itaonekanaje mbele yake? Kwa bendera sina neno, bendera ni alama. Kwa ukuta unaodai kufundisha watoto anga, ni makosa.

Huyo mzee anajua mwezi kuliko mimi kwa sababu ndio kalenda yake ya kazi. Omena wanavuliwa usiku wa giza, taa inawekwa juu ya maji wanakuja kwa mwanga, mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu na wengi wanapumzika. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za sola. Ukisimama ufuo wa Dunga usiku usio na mwezi unaona taa zimetapakaa ziwani mpaka hujui maji yanaishia wapi na anga inaanzia wapi, na kama kuna kitu kimoja ningependa wachoraji wetu wachore waache zile roketi za sinema, ni hicho. Ama wakitaka kitu cha kuruka kabisa wachore Uhuru, satelaiti ya kwanza ya kuchunguza miali ya eksirei angani, ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970 na ikapewa jina hilo kwa sababu ilikuwa Jamhuri Day, siku Kenya ilipata uhuru. Watoto wengi nawauliza hawajawahi kuisikia.

Nyota nazo. Zile picha mnapenda, nyota zimezunguka kama santuri ya zamani juu ya mlima, katikati kuna Nyota ya Kaskazini, hizo ni za mbali. Huku Nyota ya Kaskazini inakaa kwa upeo wa macho wenyewe, nyuma ya vilima vya Riat na vumbi, ni kama haipo. Nyota zetu zinapanda wima kutoka mashariki kama moshi wa jiko siku haina upepo, zinashuka wima magharibi, na nusu duara unaziona tu ukiangalia kaskazini na kusini. Faida yake nje ya ukanda wa ikweta hakuna mahali panaipata: kwa mwaka mmoja makundi yote 88 ya nyota yanapita mbele yako, ya kaskazini na ya kusini. Mtu wa London Salibu, ule msalaba wa nyota wa kusini, haioni kwake milele, na wa kusini kabisa hajui Kilimia juu ya kichwa. Kilimia ndio kale kakundi kadogo kama vifaranga, jina limetoka kwa kulima, na watu wa pwani wana msemo wao: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mchoro wa anga ya Kenya bila Kilimia mimi naona kama chapati bila chumvi.

Alafu kuna Orion, wengine wanaiita Jabari, ile yenye nyota tatu zimejipanga mstari mmoja kama mkanda. Nyota ya kwanza ya huo mkanda kuchomoza inaitwa Mintaka, na inakaa karibu sana na ikweta ya anga, ule mstari wa angani ulio juu kabisa ya ikweta yetu, digrii 0.3 kusini. Sasa angalia latitudo ya Nakuru: digrii 0.3 kusini. Nilipoona hizo namba mbili kwa karatasi moja nikanyamaza kidogo. Maana yake Mintaka inapita juu ya utosi wa Nakuru kabisa, hata Kisumu inakosa kwa kipimo kidogo kuliko nusu ya upana wa mwezi mpevu. Ukisimamisha paipu wima, urefu mita 2, tundu sentimita 10, mtu akalala chini yake mwanzo wa Februari kama saa tatu usiku, ile nyota itaingia kwa paipu, itakaa dakika kama kumi, na kutoka. Kesho yake itaingia dakika nne mapema. Nimeshawaambia watu wa Nakuru mara ngapi kwamba hii kitu wajenge, haihitaji stima, haihitaji hata rangi.

Wazo kama hilo si geni. Kule jangwa la Utah, Marekani, msanii Nancy Holt kati ya 1973 na 1976 aliweka mabomba manne makubwa ya simiti, mtu mzima anasimama ndani, akayaelekeza mahali jua linachomoza na kuzama siku linafika mwisho wa safari yake ya kaskazini Juni na ya kusini Desemba, alafu akatoboa matundu juu kwa umbo la makundi ya nyota, mchana jua linapita pale na kumwaga nyota za mwanga ndani ya bomba. Ukiangalia hizo ni kalvati tu, zile tunaona zimepangwa kando ya barabara zikisubiri kontrakta. Lakini usikopi pembe zake! Utah Juni jua linachomoza kama digrii 32 kaskazini ya mashariki, kwetu ni 23 na nusu hivi, ukifuata zake jua halitachomoza katikati ya kalvati yako hata siku moja.

Watu wengi hapa wananitajia Namoratunga, zile nguzo za mawe Turkana karibu na Kalokol. Mwaka 1978 watafiti wawili waliandika kwamba nguzo 19 za pale zimeelekezwa kwa nyota saba kama kalenda, miaka 300 kabla ya Kristo. Hadithi tamu, na mimi ningependa iwe kweli. Ila wengine walibisha, na hoja yao ina uzito: ukiwa na nguzo 19 na uko huru kuunganisha yoyote na yoyote, mistari ni mingi mno, hukosi ya kulingana na nyota saba. Uchimbaji wa miaka ya karibuni kwa nguzo zingine za Turkana umekuta makaburi ya wafugaji wa kama miaka 5,000 iliyopita, kwa hivyo hata umri una maswali. Ukichora Namoratunga, chora, zinavutia, lakini usiandike chini "kituo cha kwanza cha nyota Afrika" kama vile ni jambo limekwisha.

Kosa lingine ambalo karibu kila mtu anafanya, na hili nalieleza polepole. Lala chali kichwa kikiwa kaskazini, angalia juu: mashariki iko mkono wako wa kushoto. Sasa simama uangalie kaskazini na uangalie chini: mashariki iko kulia. Ramani za nyota zimechorwa kwa mtu anayeangalia juu, kwa hivyo ukichukua ramani ukaichora kwa sakafu ya uwanja bila kuigeuza, kila kitu kimepinduka kama maandishi kwa kioo, mkia wa Nge unajikunja upande usio wake. Kwa dari au chini ya paa la banda iko sawa, kwa sakafu igeuze kwanza. Fundi wa kuandika vioo vya matatu atakusaidia, huyo amezoea kufikiria kinyume.

Kitu pekee unaweza kukopi kutoka popote bila kuharibu ni umbali wa sayari, kwa sababu hio haijali umesimama wapi. Kuna mji Marekani, Ithaca, tangu 1997 wana matembezi ya sayari yamepunguzwa mara bilioni 5. Ukipunguza mara bilioni moja tu, jua ni duara la mita 1.4 kwa ukuta, dunia ni punje ya hindi mita 150 mbele, mwezi ni kichwa cha kiberiti sentimita 38 kando yake, Mshtarii (Jupiter) ni balungi kubwa mita 780, na Neptune iko kilomita 4 na nusu, hapo unahitaji boda.

Rangi za kuwaka gizani nitasema kidogo maana zilinilia pesa. Ule unga mzuri unaowaka masaa mengi una strontiamu na alumini, na maji ni adui yake. Mimi niliuchanganya na rangi ya maji, ukaganda kama uji wa jana, na kile kidogo nilichopaka hakikumaliza mvua za Aprili. Changanya na vanishi angavu ya thina, paka juu ya nyeupe, funika tena na vanishi. Na usiihangaikie kama ukuta uko chini ya mulika mwizi, hapo hakuna kitakachoonekana kuwaka, wala nyota zenyewe juu. Kama mtaa una taa hizo omba angalau zifunikwe juu zimulike chini, mwanga wa manjano si ule wa bluu, wezi wataonekana vilevile.

Ile shule ya kwanza tulirudi Septemba ya mwaka uliofuata, tarehe 23, na boriti yetu ya simiti na chaki. Tuliweka chupa ya soda katikati ya uwanja na darasa zima likachuchumaa kuizunguka. Saa sita na dakika 33 kwa simu yangu kivuli cha chupa kiliingia chini yake chote, kikabaki kiduara cheusi kama kizibo, na kale kasichana, sasa kako darasa la tano, kakachora mstari wa saa sita hapohapo kwa mkono wake. Yai la njano hatukulifuta, rangi ilikuwa ngumu sana. Wanachezea ule mchezo wa kati ndani yake.